Sentensi ya Ukurasa wa Tatu

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Jumanne ya tarehe 4 Machi 2025, vigingi vinne vilivyopakwa rangi nyekundu vilikuwa vimesimama ndani ya uzio wa Kanisa la Kianglikana la Mtakatifu Barnaba, Kisaseni, kwenye miteremko ya Kilimanjaro juu ya mji wa Moshi. Jana yake jioni havikuwepo. Vilikata kipande cha upande wa magharibi chenye upana wa mita kumi na nne, na ndani ya kipande hicho kulikuwa na makaburi sita. La tatu kutoka barabarani lilikuwa la marehemu Sifael, baba yake Mwalimu Eliezeri, katibu wa parokia.

Mwalimu Eliezeri alivihesabu vigingi mara mbili, kisha akatoa simu. Alikuwa na umri wa miaka sitini na saba. Miaka thelathini na minne kati ya hiyo alifundisha historia. Alikuwa mtu wa kunyooka: mkunjo wa suruali yake ulinyooka, mgongo wake ulinyooka, na maneno yake yalinyooka kama mstari uliopigwa kwa rula. Darasani alikuwa na mazoea ya kutamka nusu ya methali na kungoja wanafunzi waimalizie. Aliyeshindwa alisimama hadi kipindi kiishe. Mwenyekiti wa kijiji, Fabian, alikuwa amesimama vipindi vingi.

"Shikamoo, Mwalimu," Fabian alipokea simu.

"Marahaba. Nani amepigilia vigingi makaburini?"

"Serikali ya kijiji. Tunataka kituo cha bajaji na vibanda vya soko. Makaburi tutayahamisha kwa heshima zote."

"Mtayahamisha kutoka kwenye ardhi ya kanisa?"

"Hapo ndipo tunapotofautiana. Una kile kitabu chako cha jubilei hapo karibu? Fungua ukurasa wa tatu."

Mwalimu hakuhitaji kukifungua. Mwaka 2017, parokia ilipotimiza miaka sitini, yeye ndiye aliyeandika historia yake katika kijitabu cha kurasa arobaini. Ukurasa wa tatu ulianza hivi: "Kabla ya kanisa, mahali hapa palikuwa pori lisilo na mwenyewe."

"Pori lisilo na mwenyewe ni ardhi ya kijiji," Fabian aliendelea kwa upole. "Na ardhi ya umma haigeuki kuwa mali ya mtu, hata akiikalia miaka mia. Si mimi niliyesema pori, Mwalimu. Umesema wewe, na muhuri wa parokia uko nyuma ya jalada."

Shauri lilipelekwa kwenye Baraza la Kata ili lisuluhishwe. Siku iliyopangwa ilikuwa Jumatano, tarehe 26 Machi. Iwapo parokia isingeweza kuonyesha ni nani aliyeitoa ardhi ile na mpaka wake ulipita wapi, wapima ardhi waliotarajiwa mwezi Aprili wangefuata vigingi vyekundu. Baba yake Mwalimu angefukuliwa kabla ya Pasaka.

Sentensi ile haikuandikwa kwa nia mbaya. Iliandikwa kwa uvivu mmoja ambao wasomi huwa nao, wa kutowauliza watu wasiosoma. Mwalimu alikuwa na vyanzo viwili: daftari la ubatizo lililoanza mwaka 1957 na barua moja ya askofu. Hakuna kilichosema lolote kuhusu siku zilizotangulia. Pengo hilo alilijaza kwa neno pori, kama lilivyojazwa katika vitabu vingi alivyofundishia. Mgeni aliyetoka mbali angeweza kusamehewa. Mchagga hakuwa na udhuru. Kwenye miteremko hii, kati ya mfereji mmoja na mwingine hakuna pori. Kuna vihamba, mashamba ya migomba ya kurithi, na kila kihamba kina mwenyewe, awe anapalilia migomba yake au amezikwa chini yake. Kukiita kihamba cha mtu pori ni kusema kwamba ukoo wake haukuwahi kuwapo.

Mwenyewe alikuwapo. Aliitwa Kornel, Mkatoliki, aliyefariki mwaka 1979. Binti yake, Mektrida, alikuwa na umri wa miaka themanini na miwili, na aliishi ng'ambo ya mfereji, mwendo wa dakika tatu kutoka kanisani. Siku ya jubilei alikuja na mkungu wa ndizi kichwani, sadaka ya jirani kwa jirani, akaketi karibu na mlango. Historia ikasomwa mimbarini. Ilipofika kwenye pori, Mektrida alisimama, akaubeba mkungu wake, akajitwika, akatoka. Waliomwona walidhani ameugua.

Jioni ile Tabitha, mke wa Mwalimu, alimwambia mumewe bila kupepesa macho, "Porini wanaishi nyani na fisi. Baba yake Mektrida umemweka kundi gani?"

"Nitasahihisha katika toleo la pili," Mwalimu alijibu.

Toleo la pili halikuchapwa. Mwaka huohuo, kamati ya ujenzi ambayo Mwalimu aliiongoza ilijenga uzio wa upande wa magharibi. Ili kupata nafasi ya nguzo, iling'oa safu ya isale, mmea wenye majani marefu ambao Wachagga huupanda mipakani. Mektrida hakuulizwa. Hivyo, ilipofika Machi 2025, juu ya ardhi hapakuwa na alama ya mpaka hata moja, na aliyeukumbuka alikuwa mtu mmoja tu.

Mwalimu alianza kwa njia aliyoiamini. Aliandika barua ya aya nne, akaigonga muhuri, akaituma kwa Mektrida. Barua ilirudi siku hiyohiyo ikiwa haijafunguliwa. Mtoto aliyeirudisha alikariri ujumbe wa mama yule: "Karatasi ndiyo iliyosema pori. Siongei na karatasi."

Wiki ya pili alimwomba Padri Shedrack, kasisi wa parokia, aende na kilo tano za sukari. Mektrida alimpokea vizuri. Alimpa bakuli la mtori wa ndizi, akamuuliza habari za watoto wake wote kwa majina, kisha akairudisha sukari kwenye mfuko wake.

"Padri, wewe umehamia hapa mwaka juzi. Huna kosa nami," alisema. "Aliyeandika anaijua njia. Akiwa mdogo alikuwa akipita hapa kuiba mapera."

Wiki ya tatu Mwalimu alikwenda mwenyewe, lakini si kwa Mektrida. Alikwenda mjini Moshi kupekua makabrasha ya zamani, siku mbili mfululizo, na miwani yake ikajaa vumbi. Hakupata kitu. Jumapili jioni aliketi mezani, mgongo wima kama mlingoti, chakula kikapoa mbele yake.

"Zimebaki siku tatu," Tabitha alisema. "Unajua inavyotakiwa. Huwezi kujifanya hujui."

Alijua. Kwa Wachagga, aliyekosa akimwendea aliyemkosea akiwa ameshika jani la isale lililofungwa fundo, mwenye haki hulazimika kumsikiliza. Jani halitumwi kwa mtu. Hubebwa na mkosaji mwenyewe, kwa miguu yake, mchana kweupe, watu wakimwona.

"Nitalipata wapi?" aliuliza. "Tuling'oa zote."

"Hapa jirani zimebaki kwa Fabian," Tabitha alijibu, na kwa sekunde moja ilionekana kama anazuia kicheko.

Jumatatu, tarehe 24 Machi, saa moja asubuhi, Mwalimu alisimama kwenye uzio wa Fabian. Mwenyekiti alikuwa akipiga mswaki nje. Alimwona, akatema povu, akafuta mdomo.

"Shikamoo, Mwalimu. Umekuja kukubali yaishe?"

"Nimekuja kuomba jani la isale."

Fabian alimtazama kutoka viatuni hadi kwenye kola. "Unaniomba msamaha mimi?"

"Si wewe."

"Aa." Fabian alielewa mara moja, na uso wake ukaonyesha kwamba hakukipenda alichokielewa. Hata hivyo aliingia ndani, akatoka na kisu, akakata jani refu lisilo na doa. "Chukua. Isale hainyimwi mtu. Lakini Jumatano sitakuonea huruma." Alipokuwa akimkabidhi alitabasamu kama mwanafunzi aliyemshika mwalimu wake kwenye kosa. "Mtaka cha mvunguni..."

Akangoja. Mwalimu Eliezeri alilipokea jani, akalifunga fundo, akageuka na kuondoka bila kuimalizia.

Alipita barabarani akiwa amelishika mbele yake. Wanawake wawili waliokuwa wakienda sokoni walisimama kando wakimtazama hadi alipopita. Mektrida alikuwa uani kwake, ameketi kwenye kigoda, akimkatia ng'ombe wake vigogo vya mgomba kwa panga. Hakuinua kichwa.

"Shikamoo, Mae," Mwalimu alisema, akimwita mama kwa Kichagga.

"Marahaba."

"Nimekuja kuhusu yale niliyoyaandika."

Panga lilikata kipande kingine. "Sisikii vizuri maneno yanayotoka juu," Mektrida alisema.

Hapakuwa na kigoda cha pili. Mwalimu alitazama ardhi yenye utomvu wa migomba na kinyesi cha ng'ombe, kisha suruali yake. Akainama, akapiga goti moja, halafu la pili, hadi uso wake ukawa sawa na wa mama yule. Akaweka jani la isale kwenye mapaja ya Mektrida.

"Niliandika kwamba kihamba cha baba yako kilikuwa pori," alisema. "Si kweli. Sikumuuliza mtu. Nikang'oa na isale zake bila kukuuliza. Nimekosa."

Mektrida aliweka panga chini. Alilichukua jani, akalitazama fundo pande zote mbili kana kwamba anakagua daftari la mwanafunzi.

"Miaka minane," alisema. "Hata mimba ya tembo haichukui miaka minane."

"Ni kweli, Mae."

"Unajua kwa nini baba aliwapa ardhi ile?"

"Sijui."

"Basi sikiliza, mwana wa Sifael. Na usiandike, sikiliza."

Alimweleza. Mvua za Aprili mwaka 1957 ziliporomosha udongo ukaziba mfereji, na migomba ya vihamba tisa ikaanza kukauka. Wakati huo vibarua kumi na mmoja wa reli walikuwa wamepanga vyumba hapo juu. Wengi wao walikuwa Wabondei na Wasambaa, Waanglikana waliokuwa wakisali chini ya mti kwa kukosa mahali. Bila kuombwa na mtu, walipanda na sepeto za reli, wakauzibua mfereji kwa siku tisa. Kornel aliwauliza wanataka malipo gani. Wakasema, mahali pa kusali.

"Baba akawaambia, Mungu wenu na wangu ni mmoja, ila ninyi mnaimba polepole mno," Mektrida alisema. "Akawapimia. Walikunywa pombe ya mbege wakaimaliza, na chungu chake kikavunjwa. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Mimi ndiye niliyebeba vigae. Baba alichimba mashimo matatu kwenye mstari, akatia vigae na mkaa, juu yake akapanda isale. Alisema jani hukauka na mtu hufa, lakini mkaa hauozi."

Mwalimu alitaka kuuliza jambo, lakini Mektrida aliinua kidole.

"Mmoja kati ya wale kumi na mmoja alikuwa Mchagga. Mtoto wa kati. Kihamba huenda kwa wa kwanza na wa mwisho. Yeye hakupata kitu, ndiyo maana akaenda reli. Alimwomba baba jambo moja zaidi, naye akampa: akifa, alazwe humo. Mtu asiye na migomba ya kulalia chini yake, baba yangu alimpa. Huyo ni baba yako."

 Magoti ya Mwalimu yalikuwa yamelowa.

"Ingia chumbani," Mektrida alisema. "Chini ya kitanda, nyuma kabisa ukutani, kuna kitu kimefungwa kwenye khanga. Mimi magoti hayanikubalii tena."

Mwalimu aliingia. Kitanda kilikuwa kifupi cha miguu, na ilimbidi alale kifudifudi ili mkono wake ufike ukutani. Alitoka na buibui kwenye nywele na bunda la khanga mikononi. Ndani yake mlikuwa na shingo ya chungu, nzima, yenye nakshi za mistari ya mshazari kushuka kutoka mdomoni, na chini yake kingo zilizovunjika.

Jumatano, tarehe 26 Machi, saa nne asubuhi, baraza lilikaa kanisani hapohapo, uwanjani. Mwenyekiti wake alikuwa Theodora, muuguzi mstaafu aliyeendesha kikao kama wodi. Fabian alisoma sentensi ya ukurasa wa tatu kwa sauti. Theodora akamuuliza Mwalimu kama ni yake.

"Ni yangu, na ni ya uongo," Mwalimu alijibu. Minong'ono ilipita uwanjani kama upepo kwenye migomba.

Mektrida alisimama kwa mkongojo wake, akaeleza alichokiona mwaka 1957, akaonyesha shingo ya chungu. Akasema mashimo yalipimwa kuanzia kwenye mti wa mringaringa uliosimama nyuma ya kanisa, hatua kumi na saba kuelekea magharibi. Mti ulikuwapo bado. Alihesabu hatua mwenyewe, akasimama. Kijana wa Fabian alishika jembe, lakini Mektrida akampokonya.

"Aliyeng'oa ndiye achimbe," alisema, akamkabidhi Mwalimu.

Mwalimu alivua koti. Alichimba hadi kina cha mkono mzima. Palikuwa na udongo mweusi na mizizi, basi. Upande wa kijiji mtu alicheka waziwazi.

"Mama, umri nao una mambo yake," Fabian alisema.

Mektrida aliitazama miguu yake kwa hasira, kisha akatulia. "Hatua hazikuwa zangu," alisema. "Zilikuwa za baba. Alikuwa mrefu." Akawapitia watu kwa macho, akamnyooshea Fabian mkongojo. "Mrefu kama huyu."

Theodora hakusita. "Mwenyekiti, hesabu wewe."

"Mimi ni upande wa pili!"

"Ndiyo maana nakuamini zaidi. Na tembea kama unavyotembea ukienda kula, si kama unavyotembea ukienda kulipa."

Watu walicheka, Fabian naye akacheka kwa lazima. Alianza kwenye shina la mringaringa, akahesabu kwa sauti. Hatua ya kumi na saba ilimfikisha mbali na shimo la kwanza, ng'ambo ya makaburi, karibu na uzio. Mwalimu alichimba tena. Kina kilipozidi kiwiko, jembe lilitoa mlio mkavu. Alilitupa kando, akapiga magoti, akaendelea kwa mikono. Alitoa kipande cha mkaa, halafu cha pili, halafu kigae chekundu cha ukubwa wa kiganja.

Theodora alikisuuza kigae kwa maji ya chupa, akakileta kwenye shingo ya chungu. Hakikuingia. Akakigeuza upande wa pili. Kiliingia kwenye pengo bila kubakiza nafasi, na mistari ya mshazari ikaendelea kutoka kipande kimoja hadi kingine.



Mashimo mawili yaliyobaki yalipatikana kwenye mstari huohuo kabla ya saa saba mchana. Mstari ulipimwa kwa utepe. Ulipita mita kumi na mbili magharibi ya vigingi vyekundu, na makaburi yote sita yalikuwa ndani yake. Ulionyesha pia jambo ambalo parokia haikulitafuta: uzio wa mwaka 2017 ulikuwa umevuka mpaka kwa mita mbili, juu ya njia ya zamani ya kijiji. Theodora aliandika yote mawili. Fabian alitia sahihi kwamba vigingi vitang'olewa. Mwalimu, mikono ikiwa na udongo hadi kwenye viwiko, alitia sahihi kwamba uzio utarudishwa nyuma.

Uzio ulirudishwa tarehe 12 Aprili. Kwenye mpaka mpya, juu ya mashimo matatu, Mwalimu alipanda isale alizozitoa kwa Fabian.

Jumapili, tarehe 27 Aprili, wiki moja baada ya Pasaka, ukurasa wa tatu ulisomwa upya mimbarini. Ulianza hivi: "Kabla ya kanisa, mahali hapa palikuwa kihamba cha Kornel, aliyewapa ardhi Waanglikana kumi na mmoja mwaka 1957 baada ya wao kuuzibua mfereji wake, na binti yake Mektrida ni shahidi." Mektrida alikuwa ameketi karibu na mlango, na mkungu wa ndizi ulikuwa kando yake. Usomaji ulipokwisha hakutoka. Aliwaita wasichana wawili wamsaidie, akausogeza mkungu hadi mbele ya madhabahu, akauacha sakafuni.

Mwalimu Eliezeri alishuka mimbarini kuupokea. Mkungu ulikuwa mzito, naye alilazimika kupinda mgongo na magoti ili auinue.

"Mtaka cha mvunguni, Mwalimu?" Fabian aliuliza kutoka benchi la nyuma, kwa sauti ya kusikika na wote.

Mwalimu alimjibu akiwa bado amepinda, mikono yote miwili ikiwa chini ya mkungu.

"Sharti ainame."